Panya wa nyoka: hai, wa kuuawa papo hapo, au wa friza?

Jioni moja watoto watatu wa jirani walisimama mlangoni na ndoo iliyofunikwa kipande cha bati. "Shikamoo mjomba. Tumekuletea chakula cha nyoka." Ndani walikuwamo panya shamba wanne, wazima, waliotegwa kwenye majaruba ya mpunga. Niliitikia marhaba, nikawapa mia tano ya maandazi, nikawaambia wanawe mikono kwa sabuni palepale uani na wasiniletee panya tena. Yule mkubwa alinitazama kama anayemtazama mvuvi aliyekataa chambo.

Nilimwelewa. Huku kusini panya hatafutwi, anajileta. Yumo darini, yumo ghalani juu ya magunia ya korosho, yumo shambani, na kwa watu wengi wa Newala na Masasi panya wa shambani ni kitoweo. Mtu akipata nyoka wa kulea, la kwanza linalomjia kichwani ni kwamba chakula kipo tele na ni cha bure. Nami niliwaza hivyo hivyo, na nyoka ndiye aliyelipa. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafuata sasa kwenye kituo kidogo ninachosaidia nje kidogo ya Mtwara mjini, ambako tunalea chatu mmoja na nyoka wa nyumbani wawili kwa ajili ya kufundishia wanafunzi.

Hatua ya 1: Kibali kabla ya panya

Hili nalipita haraka, lakini usiliruke. Wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumtoa chatu kichakani Mikindani na kumweka sandukuni kwake bila kibali, hata kama kweli alimwokoa kwenye mapanga ya majirani. Anzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Na kama unayemtaka ni swila, kifutu au koboko, funga ukurasa huu. Nyoka wa sumu si wa kujifunzia nyumbani, na dawa ya sumu yake huikuti kwenye kila zahanati.

Hatua ya 2: Mjue unayemlisha

Nyoka wa nyumbani ni yule wa kahawia, mwembamba, mwenye mistari miwili hafifu kichwani, anayeingia majumbani usiku kufuata panya na kuuawa asubuhi kwa kosa la kuwa nyoka. Hana sumu. Anatafuta chakula kwa harufu: ulimi unaokota chembe hewani na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Chatu anayo harufu pia, ila ana silaha ya ziada, vishimo vidogo kwenye midomo vinavyohisi joto la mnyama hata gizani. Tofauti hii iweke akilini. Utakapompa panya aliyekufa, kwa nyoka wa nyumbani utahangaika na harufu, kwa chatu utahangaika na joto.

Wote wawili huua kwa kubana. Zamani tuliambiwa wanamnyima mnyama pumzi, lakini vipimo vilivyofanywa kwa nyoka aina ya boa na kuchapishwa mwaka 2015 vilionesha kwamba ndani ya sekunde chache mbano huvuruga mzunguko wa damu na moyo hushindwa kusukuma. Ndiyo maana panya aliyebanwa vizuri hufa upesi. Aliyebanwa vibaya, kichwa kikabaki nje na meno yako huru, ni habari nyingine, na nitaisimulia.

Kitu kimoja zaidi: nyoka anahitaji panya kamili, asiyekatwakatwa. Mifupa ndiyo inayompa kalisiamu, ini na matumbo vinampa vitamini. Ukimkatia vipande vya nyama ya ng'ombe au ukimlazimisha dagaa, utamshibisha huku anadhoofika.

Hatua ya 3: Chagua namna ya kumpa

Njia ni tatu: panya hai, panya aliyeuawa muda huo huo, na panya aliyegandishwa kisha akayeyushwa. Kila mlezi ana yake, na wengi ukiwauliza watakuambia nyoka ni mwindaji, ukimzoesha mizoga atalemaa. Niliamini hivyo hadi nilipoona nyoka anavyompiga panya wa friza aliyepashwa moto akining'inia kwenye koleo. Anamrukia, anamzungushia mwili, anambana dakika nzima kana kwamba anapigania roho yake. Hajui kama panya alikufa wiki sita zilizopita, na nadhani hajali.

Sasa ile habari. Chatu wetu alikuwa na urefu wa kama mita moja na nusu, amegoma kula wiki ya tatu. Mwenzangu akashauri tumwachie panya hai usiku kucha, njaa itamfundisha adabu. Tukamtia panya wa darini, tukafunga mlango, tukaenda kulala. Asubuhi panya alikuwa ameketi juu ya ukingo wa bakuli la maji, anajisafisha masharubu. Chatu alikuwa amejikunja pembeni. Mgongoni, kama shibiri moja kutoka mkiani, palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, nyama nyekundu iko wazi, na magamba yametapakaa juu ya gazeti kama ya samaki aliyeparwa. Panya hakupewa chakula usiku ule, akala alichokikuta. Meno yanayotoboa nazi yatashindwaje na ngozi ya nyoka? Na nyoka asiyetaka kula mara nyingi hajitetei. Anajificha kichwa na kuvumilia.

Afisa mifugo alisafisha kidonda na kumchoma sindano za antibaotiki kwa siku kadhaa. Alipona, lakini magamba pale yameota ovyo hadi leo, na ndilo jambo la kwanza wanafunzi wanaloliuliza.

Kwa hiyo panya hai, kwangu, hapana. Kuna mateso ya panya pia, ambaye anatupwa kwenye sanduku lisilo na mlango wa kutorokea. Hilo nalo linanihusu. Mtu akilazimika, labda nyoka amekamatwa mkubwa na hajui chakula kingine, basi asimame hapo hapo na koleo mkononi, panya awe mdogo kuliko kawaida na awe ameshiba, na dakika kumi na tano zikipita bila nyoka kupiga, panya atolewe. Asiachwe usiku, hata usiku mmoja. Wanaosamehewa ni vichanga, wale wekundu wasio na manyoya, macho hayajafunguka. Hao hawana meno ya kumdhuru mtu.

Panya aliyeuawa muda huo huo ana joto lake na harufu yake, nyoka mgumu humkubali haraka. Hii ndiyo njia ya asiye na friza. Ubaya wake ni kwamba kila siku ya kulisha inakuwa siku ya kuua, na si kila mtu ana moyo huo kila wiki.

Panya wa friza ndiye chaguo langu. Unaua siku moja kwa mwezi, unapima, unafunga, unaandika. Baridi kali inaua baadhi ya vimelea, ingawa haiui bakteria wote na haiondoi sumu hata chembe. Tatizo ni umeme. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa na ubaridi karibu siku mbili. Iliyo nusu, kama siku moja. Kile kisanduku cha juu cha friji ndogo ni saa chache tu. Mimi hujaza nafasi tupu kwa chupa za maji zilizoganda ili ubaridi udumu. Umeme ukirudi, mguse panya: akiwa bado mgumu kama jiwe, yuko salama. Akiwa amelegea na hujui amelegea tangu lini, mfukie.

Na friza ya panya isiwe ya samaki wa kula. Nyumbani kwangu hili liliamuliwa siku mke wangu alipotoa kifurushi akidhani ni pweza.

Hatua ya 4: Panya atoke wapi

Narudi kwa wale watoto na ndoo yao. Panya wa mtaani au wa shambani ana mambo matatu usiyoweza kuyaona kwa macho.

La kwanza ni sumu. Kwenye maghala na majumba watu wanatega sumu ya panya kila msimu, na zipo zinazochukua siku kadhaa kumuua panya. Katika siku hizo anatembea amelewa, ni mzito, ni rahisi kumkamata. Yule anayenaswa kirahisi ndiye wa kuogopa zaidi, maana sumu iliyomo mwilini mwake inaweza kumpata anayemla, awe nyoka, paka au bundi. La pili ni minyoo, kupe na viroboto.

La tatu linakuhusu wewe kuliko nyoka. Julai 2022 wilayani Ruangwa, hapo jirani mkoani Lindi, watu waliugua homa, wakatokwa damu puani, na mitaani tukaanza kunong'onezana kuhusu ugonjwa wa ajabu. Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, leptospirosisi. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walifariki. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na huingia kwa mtu kupitia michubuko, macho, pua na mdomo. Mtoto anayeingiza mkono mtupu kwenye ndoo ya panya shamba, ana kidonda cha kujikata na panga, amejiweka hapo hapo. Ndiyo sababu ya sabuni ile.

Basi unazalisha wako. Panya weupe waliogandishwa wa kununua, kama wanavyouzwa Ulaya na Marekani kwa kupangwa ukubwa, huku sijawahi kuwakuta dukani. Tafuta mbegu ya panya weupe wadogo waliofugwa vizazi kadhaa, kwa mfano kwa anayewalea kwa ajili ya maabara au kufundishia. Kwa nyoka wa nyumbani mmoja au wawili, dume mmoja na majike wawili au watatu wanatosha na kuzidi. Mimba ya panya mdogo ni kama siku 19 hadi 21, jike huzaa mara nyingi kati ya sita na kumi na wawili, na watoto huachishwa ziwa wakiwa na wiki tatu. Wiki ya tano au ya sita nao wanaweza kushika mimba, kwa hiyo tenganisha madume mapema, la sivyo baada ya miezi minne utakuwa unawagawia majirani.

Waweke kwenye sanduku la plastiki gumu lenye mfuniko wa wavu wa chuma. Ubao watautafuna. Chini tandika maranda ya fundi seremala, siyo vumbi la msumeno, na siyo ya mbao zenye harufu kali. Wale watoto watatu sasa ndiyo kazi yao: wananiletea maranda kwa kiroba, mia tano ile ile. Badilisha tandiko mara mbili kwa wiki, kwani mkojo wa dume unanuka na ile harufu inayochoma pua huwaua kwa kifua. Chakula ni mahindi yaliyoparazwa, pumba, dagaa wa kusaga kidogo kwa ajili ya protini, na mchicha mara moja moja. Chakula cha kuku chenye dawa usitumie. Panya akila vibaya, nyoka naye amekula vibaya.

Mambo mawili ya huku kwetu hayamo kwenye miongozo ya ng'ambo. Joto: mwezi wa Novemba na Desemba, chini ya bati, panya weupe wanalala kifudifudi wamepanua miguu, majike yanaacha kushika mimba na vichanga vinakufa. Wahamishie chini ya mwembe au kwenye banda la makuti lenye upepo. Na siafu. Nilipoteza uzao mzima kwa usiku mmoja, asubuhi kulikuwa na msururu mweusi kutoka sandukuni hadi ukutani na hakukuwa na kichanga hata mmoja. Tangu siku hiyo kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo lenye maji na oili chafu juu yake.

Hatua ya 5: Ukubwa na siku

Mtazame nyoka pale alipo mnene zaidi. Panya awe na unene huo au azidi kidogo tu. Akishamezwa pabaki na kivimbe kinachoonekana, kisiwe furushi linalomzuia kujikunja. Ukiwa na mizani ya jikoni ni vizuri zaidi: kwa nyoka mchanga, panya wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa nyoka, kwa aliyekomaa, asilimia 10 au pungufu ya hapo.

Nyoka wa nyumbani aliyeanguliwa karibuni huanza na vichanga vya gramu moja au mbili, kila siku tano hadi saba. Akikomaa, panya mweupe mkubwa wa gramu 25 au 30, kila siku kumi hadi kumi na nne. Chatu mchanga kila wiki au siku kumi. Chatu mkubwa anayekula panya wa aina kubwa, wa gramu mia kadhaa, na baadaye sungura wa kufugwa, huyo anakaa wiki tatu hadi sita kati ya mlo na mlo, na hafi. Wageni wa kituo hunililia, "Masikini, mnamshindisha njaa!" Nyoka wanene kupita kiasi ni wengi kuliko waliokonda kwa njaa. Ukiona mikunjo ya mafuta karibu na mkia, au ngozi kati ya magamba inaonekana muda wote hata akiwa hana chakula tumboni, punguza.

Hatua ya 6: Kuua, kugandisha, kuyeyusha

Kuua kufanywe haraka na anayejua. Njia isiyohitaji mtambo ni kuvunja shingo kwa mvuto mmoja, na ni afadhali uoneshwe na daktari au afisa mifugo kuliko kujaribu mwenyewe ukakosea. Nimeona watu wakimtia panya hai kwenye friza, wengine wakimzamisha kwenye ndoo, mmoja akitumia moshi wa bodaboda. Yote hayo ni mateso, na moshi unaacha uchafu kwenye mnyama ambaye nyoka atammeza mzima.

Akishakufa, mwache apoe kidogo, mpime, mfunge peke yake. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na ni vyema, kwani ilikuwa inachanika ovyo. Mimi natumia makopo ya plastiki yenye mfuniko, panya wamepangwa mstari mmoja wasigandane, karatasi katikati. Andika tarehe na gramu. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri watakaa miezi sita bila shida. Zaidi ya hapo wanakauka na harufu inabadilika.

Kuyeyusha kunataka subira. Usiku wa kuamkia siku ya kulisha, mhamishe panya kutoka friza kwenda sehemu ya chini ya friji, ndani ya kopo lake. Ukisahau, mtie kwenye chombo kisichoingiza maji, ukitumbukize kwenye maji baridi: mdogo nusu saa, mkubwa saa mbili au tatu. Mbonyeze tumbo kwa kidole. Ukigusa kitu kigumu kama kokoto, bado. Panya aliyelainika nje na mwenye barafu tumboni ni chanzo kikubwa cha nyoka kutapika.

Akishayeyuka kabisa, mpashe. Beseni la maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, yasiwe ya kuchemka, dakika kumi hadi kumi na tano. Unatafuta joto la mnyama aliye hai, nyuzi kama 38 hadi 40. Mguse kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anavyopima uji wa mtoto. Maikrowevu usiitumie: inapika tumbo huku miguu ikiwa ya baridi, na panya anaweza kupasuka. Aliyeyeyushwa harudi friza tena, hata kama hakuguswa.

Hatua ya 7: Mezani

Lisha jioni, saa moja au saa mbili usiku, taa hafifu, watu wachache. Nawa mikono kabla, siyo baada tu. Kidole chenye harufu ya panya ni panya. Tumia koleo la angalau sentimita 30. La kwangu ni la kawaida la kuokotea mkaa, jipya, na ncha zake nimezifunga kipande cha tyubu ya baiskeli ili nyoka akipiga vibaya asivunje jino kwenye chuma.

Mkaushe panya kwa kitambaa. Mshike nyuma ya shingo au kiunoni, kichwa kimtazame nyoka, umsogeze taratibu kutoka pembeni, kama panya anayepita na shughuli zake. Usimchome nyoka nacho usoni. Mawindo hayamfuati mwindaji. Ulimi utaanza kwenda haraka, shingo itajikunja kama herufi S, halafu kimya kifupi. Hapo usitikise mkono. Akipiga, achia koleo, rudi nyuma, funga. Chatu wetu akishambana hukaa hivyo dakika tano nzima kabla ya kuanza kukitafuta kichwa, na mtu akipita na kivuli chake anaacha kila kitu.

Watu wanabishana kama nyoka alishwe kwenye sanduku lake au ahamishiwe kwingine, eti asije akazoea kwamba kila mlango ukifunguka ni chakula. Nimejaribu yote mawili. Kumbeba nyoka mwenye njaa kwenda, na kumbeba aliyeshiba kurudi, ndiko kunakoleta kuumwa na kutapika. Namlishia kwake. Siku zisizo za kula, kabla ya kumshika namgusa mwilini na fimbo nyororo. Ameshajua kwamba fimbo maana yake hakuna chakula.

Wakiwa wawili, kila mmoja na sanduku lake. Nyoka wawili wakimshika panya mmoja, mmoja anaweza kuendelea kumeza hadi akammeza mwenzake.

Baada ya mlo usimshike kwa saa 48, chatu mkubwa hadi kivimbe kishuke. Maji safi yawepo, na upande mmoja wa sanduku uwe na joto la nyuzi 30 hadi 32. Mtu wa Mtwara mjini anaweza kusema joto tunalo la kutosha, na mwezi wa Machi ni kweli. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, usiku unapoa, na wa juu huko Newala wanajua wenyewe baridi ya alfajiri. Nyoka hapashi mwili wake mwenyewe. Bila joto la nje panya anaoza tumboni badala ya kusagika.

Hatua ya 8: Akikataa, au akirudisha

Kukataa kuna sababu nyingi zisizo ugonjwa. Macho yamekuwa na ukungu wa buluu: anakaribia kujivua gamba, mwache hadi amalize. Ni mgeni, hana wiki mbili: mwache, mfunike sanduku kwa kanga, mpe pa kujificha. Ni jike mwenye mayai. Ni msimu wa baridi.

Kama hakuna kati ya hayo, jaribu kwa zamu, siku tofauti, siyo yote usiku mmoja. Kwa chatu, pasha tena kichwa cha panya peke yake, kiwe cha moto kuliko kiwiliwili. Kwa nyoka wa nyumbani, hasa mchanga ambaye porini hula mijusi, msugue panya na mjusi kafiri kabla ya kumpa. Tundu dogo kwenye fuvu, ubongo ukaonekana, linawafanya wengi wabadili nia. Si kazi nzuri ya kufanya baada ya chakula cha jioni. Mwisho, mlaze panya mlangoni mwa maficho, zima taa, nenda zako, asubuhi mtoe. Huyu wa kuachwa usiku ni mfu, hana meno ya kumtafuna mtu.

Akitapika, usimlishe tena upesi kwa huruma. Subiri wiki mbili, angalia joto, kisha mpe panya nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitapika mara ya pili, au akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kilichotapikwa kiokote kwa glavu, sanduku lisafishwe kwa dawa, kwani nyoka na kinyesi chake wanaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha. Usioshee vyombo vyake kwenye sinki la jikoni.

Panya waliobaki wafukie kina cha kutosha paka wasifukue, na kila kitu kiandikwe kwenye daftari: tarehe, gramu, amekula au la. Daftari letu la kusi iliyopita lina mistari mitano mfululizo ya chatu inayosema "amekataa", uzito umeshuka gramu 60 tu. Mstari wa sita: "Saa mbili na robo usiku, panya g 180, kichwa kimepashwa mara mbili. Amekula."